Mfuko Wenye Jina Lako: Mwongozo kwa Anayetaka Kuacha Mshahara na Kujenga Chapa ya Mchele Kasongo au Kabambare

Simama sokoni Kindu mbele ya meza ya mama anayeuza mchele, umuulize mchele wake umetoka wapi. Mara nyingi atakujibu bila kusita: Kasongo. Kisha tazama gunia lenyewe. Limeandikwa jina la kampuni ya Asia, au ni gunia la sukari lililopinduliwa ndani nje, au halina maandishi kabisa. Mnunuzi analijua jina la Kasongo na analiulizia. Lakini mkulima wa Kasongo, na wewe uliyezaliwa kule, hamlipwi hata franka moja kwa ajili ya jina hilo.

Mwongozo huu ni wako wewe uliye na mshahara. Unafanya kazi katika shirika, benki, kampuni ya simu, mgodi au ofisi ya serikali, na kwa miezi sasa unalala ukiwaza kuacha ili ujenge chapa yako mwenyewe, yenye sura nzuri, inayojulikana hata kwa mbali. Nimechagua mchele kwa sababu ndio tunaoujua kusini mwa Maniema. Ukiwa na mawese, sabuni, karanga au asali, hatua nyingi zitakufaa vilevile.

Mimi nilitoka kwenye meza ya hesabu. Nilipoanza nilidhani kazi kubwa itakuwa mfuko. Mama mmoja wa soko aliupokea, akaugeuza, akausifia, kisha akaniambia: "Baba, mufuko yako ni muzuri. Lakini kesho watoto wangu watakula mufuko?" Kila utakachosoma hapa nimekipima kwa swali lake.

KWA NINI CHAPA, NA KWA NINI SASA

Mshahara wa hapa kwetu si mlima usiohama. Mwaka 2019 kampuni ya Banro iliposimamisha kazi katika mgodi wa dhahabu wa Namoya, huko Salamabila katika teritwari ya Kabambare, watu waliokuwa na kadi za kazi, kofia ngumu na mkopo wa duka walijikuta nyumbani. Mashirika nayo huja na mradi wa miaka miwili au mitatu na kuondoka nao. Kwa hiyo swali lako lisiwe tu "niache au nisiache". Jiulize pia: mkataba ukiisha kesho bila kuniuliza, nitakuwa nimejenga nini?

Chapa ni kitu unachoweza kujenga. Ukiuza mchele usio na jina, bei inaamuliwa na yule aliyeleta magunia mengi asubuhi hiyo. Ukiwa na jina ambalo mnunuzi amelijaribu na likamridhisha, anakutafuta wewe, hata ukimwomba aongeze kidogo. Andrew Rugasira wa Uganda aliliona jambo hili kwenye kahawa. Alianzisha Good African Coffee, akinunua kwa wakulima wa Kasese chini ya milima ya Rwenzori, na mwaka 2005 kahawa yake ikaingia kwenye rafu za Waitrose huko Uingereza ikiwa na jina lake, si kama malighafi ya jina la mtu mwingine. Karibu zaidi nasi, huko Mutwanga katika teritwari ya Beni, kakao ya wakulima hutengenezwa chokoleti yenye chapa ya Virunga Origins.

Jina lina adui wake pia. Tanzania mchele wa Kyela una sifa, na Kenya pishori ya Mwea ina sifa, na kote huko wanunuzi hulalamika kwamba huuziwa mchele mwingine uliochanganywa chini ya jina hilo. Siku jina la Kasongo litakapoanza kulipa, yatatufika hayohayo. Tutarudi huko kwenye mfuko.

KABLA YA BARUA: JARIBIO LA MIEZI MITATU

Usiache kazi kwa sababu mchoro wa mfuko umekuvutia. Acha kwa sababu wanunuzi wamerudi. Fanya hivi ukiwa bado na mshahara:

1. Nunua mpunga kidogo, magunia mawili au matatu, kwa mkulima mmoja unayemfahamu. Usiazime fedha kwa kazi hii.
2. Uandae kama utakavyosoma hapa chini, na ufungashe mifuko 20 ya kilo 5.
3. Iuze kwa watu 20 wasio ndugu zako. Ndugu atanunua kwa huruma na atakusifu kwa huruma.
4. Andika daftarini jina, siku na bei. Usiwapigie simu kuwakumbusha.
5. Rudia mzunguko huo mara tatu. Wakirudi wenyewe zaidi ya nusu, una kitu mkononi. Wakirudi watano, rekebisha mchele kabla ya kugusa lebo.

Sambamba na hilo, ishi miezi miwili kwa nusu ya mshahara wako, nyumba nzima, na nusu ya pili iweke mahali usipoweza kuigusa. Mwenzi wako ajue na akubali. Nimeona biashara njema zikivunjika mezani pa chakula, wala si sokoni.

> ONYO. Ukiwa bado kazini, usitumie gari, mafuta, kompyuta wala jina la mwajiri kwa biashara yako. Na ukiwa unahudumia mradi wa kilimo, usinunue mpunga kwa wakulima wa mradi huohuo. Hata ukiwalipa bei nzuri, watu watasema ulitumia cheo chako, na chapa yako itazaliwa na doa.

KUONDOKA KAZINI VIZURI

Sheria ya kazi ya Kongo, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inakutaka uandike barua na utoe preavi, yaani taarifa ya mapema ya kuondoka. Kwa mkataba usio na kikomo, mwajiri anayemwachisha mtu kazi hutoa siku 14 za kazi, pamoja na siku 7 kwa kila mwaka kamili uliotumika. Mfanyakazi anayeondoka mwenyewe hutoa nusu ya muda huo. Kama umefanya kazi miaka 6, hesabu ya mwajiri ni 14 + 42, yaani siku 56. Yako wewe ni 28. Kama mkataba wako una tarehe ya mwisho, subiri tarehe hiyo au mkubaliane kwa maandishi, kwa sababu ukiuvunja katikati unaweza kudaiwa fidia.

Usitoke bila vitu hivi:

☐ Nakala ya barua yako iliyopokelewa, yenye tarehe na sahihi
☐ Hesabu ya mwisho: mshahara uliobaki na siku za likizo ambazo hukuchukua
☐ Cheti cha kazi
☐ Namba yako ya CNSS (hifadhi ya jamii) na uthibitisho kwamba michango ililipwa
☐ Barua ya kumaliza deni lolote la mkopo wa kazini

Uage vizuri. Bosi wako wa zamani na wenzako wa ofisi wana mshahara, na wenye mshahara ndio wanaonunua mchele wa mfuko. Katika mifuko yangu 100 ya kwanza, zaidi ya 30 ilinunuliwa na watu tuliokula nao ofisini.

MCHELE WENYEWE

Usanifu wa chapa ya mchele unaanzia kwenye turubai la kuanikia. Ukimpa fundi wa kuchora fedha kabla ya kulipia turubai, umeanza kinyume. Sababu ni hii: mnunuzi wa kwetu hafungui mfuko kwa macho tu. Anachota kiganja, anapuliza, anatafuna punje mbili, na jioni anasikiliza kama kuna jiwe kwenye jino la mtoto. Jiwe moja hufuta rangi zote za mfuko.

1. Mbegu moja. Omba mkulima asikuchanganyie. Mbegu mbili ndani ya sufuria moja haziivi pamoja: hii imekuwa uji, ile bado ngumu. Kama huna hakika, pika kikombe kimoja kabla hujanunua gunia.

2. Kuanika. Mwaga mpunga juu ya turubai safi, kamwe si juu ya ardhi wala kandokando ya barabara. Tandaza unene usiozidi vidole vitatu, ugeuze kila nusu saa. Jua kali la saa sita hadi saa nane linapasua punje kwa ndani. Hutaziona nyufa, lakini mashine itaziona. Wakati huo kusanya mpunga na uufunike, kisha uendelee baadaye.

3. Kupima ukavu. Mpunga wa kukoboa unatakiwa uwe na unyevu wa karibu asilimia 14. Kama huna kifaa, chukua chupa kavu ya kioo, weka chumvi kavu kabisa robo ya chupa, ongeza mpunga hadi nusu, tikisa, uache dakika 15. Chumvi ikinata kwenye kioo, mpunga bado mbichi. Ikianguka yote chini, umekauka. Nami huuma punje: ikilia kwa mkato, sawa, ikibonyea, rudisha juani.

4. Kupumzisha. Uache ulale usiku mmoja mahali penye hewa kabla ya mashine. Mpunga uliotoka juani moja kwa moja huvunjika sana.

5. Kukoboa. Mashine nyingi za vijijini ni za chuma na hukoboa kwa mkupuo mmoja, zinavunja. Mashine ya mipira miwili hutoa punje nzima zaidi. Kama iliyopo ni ya chuma, ongea na fundi apunguze kubana na apitishe mara mbili taratibu. Mlipe kidogo zaidi kwa muda wake. Fika mapema uwe wa kwanza baada ya mashine kufagiliwa, la sivyo utaondoka na masalio ya mpunga wa jirani.

6. Kupeta na kuchagua. Hapa ndipo chapa inapopatikana. Tafuta mama wawili au watatu wenye mkono wa ungo, uwalipe kwa kilo safi, si kwa siku. Tenga makundi mawili: punje nzima, na chenga. Chenga usizitupe wala usizifiche ndani ya mfuko mzuri. Ziuze peke yake kwa jina la chenga. Kuna watu wanazipenda kwa uji na kwa vitumbua, na ni rahisi.

7. Kuhesabu mawe. Kila mara, toa kilo moja kutoka mfuko wowote, imwage juu ya kitambaa cheupe, uhesabu mawe na punje zenye maganda. Andika. Ukikuta jiwe moja, rudisha mzigo wote kwenye ungo. Mama mmoja tuliyefanya naye kazi alikuwa akivuta kitambaa polepole kuelekea kifuani huku punje zikibingirika. Jiwe lilibaki nyuma lenyewe, akalichukua kwa ncha ya kidole kilicholowa. Nilijifunza mengi kwake kuliko kwa mafunzo yote niliyowahi kuhudhuria hotelini.

Kutoka kilo 100 za mpunga mkavu, usitegemee zaidi ya kilo 60 hadi 65 za mchele kwa jumla, na kwa mashine chakavu hupungua chini ya hapo.

JINA, NEMBO NA MFUKO

*Jina.* Liwe fupi na litamkike kwa Kiswahili, Kibangubangu, Kikusu na Kifaransa bila kujikwaa. Lijaribu kwa njia tatu: lipaze sauti sokoni mtu wa upande wa pili alisikie, lisome kwa simu yenye mtandao mbovu, limpe mtoto wa darasa la tatu aliandike. Waulize pia wazee wa ukoo na wa pande zote mbili za mto Lualaba kama halina maana mbaya kwao.

Neno "Kasongo" au "Kabambare" liwe chini ya jina lako, likieleza asili. Usiseme Kasongo kama mpunga umetoka kwingine. Mzigo wa Kabambare uandikwe Kabambare, nao una haki ya kusifiwa kwa jina lake.

*Picha.* Utashawishika kuweka jahazi, msafara, au sura ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Nakuomba usifanye hivyo. Ni kweli mchele ulifika kwetu katika karne ya 19 pamoja na waungwana na wafanyabiashara wa pwani, na Kasongo ilikuwa makao yao makuu hadi ilipoangushwa na majeshi ya mfalme Leopold wa Ubelgiji mwezi Aprili 1893. Lakini mashamba ya mpunga ya wakati huo yalilimwa na watumwa, na wajukuu wao ndio utakaowauzia. Chora kitu ambacho mikono ya leo inakijua: suke la mpunga, ungo, kinu, mkunjo wa Lualaba.

*Rangi.* Tumia moja, mbili zikizidi sana. Rangi moja nyeusi au ya nili juu ya mfuko mweupe huonekana kwa mbali, na mchapaji yeyote anaiweza. Epuka mchanganyiko unaofanana na wa chama cha siasa. Mwaka wa uchaguzi mfuko wako utageuka bango. Epuka pia bendera, chui wa taifa, msalaba na mwezi. Kasongo ina waumini wa kanisa na wa msikiti kwenye ua mmoja, na wote wanakula wali.

*Mfuko.* Nipe nafasi nikueleze kosa langu. Mifuko yangu ya kwanza niliipiga muhuri kwa wino wa ofisini. Ilipendeza. Kwenye mtumbwi mvua ilitunyeshea kwa muda mfupi tu, na tulipofika ng'ambo herufi zilikuwa zimekimbia chini kama machozi, rangi ya zambarau imepenya ndani, na mchele wa mifuko 22 ulikuwa na madoa. Niliugawa bure kwa wafugaji wa kuku. Tangu siku hiyo sitoi mzigo bila jaribio hili:

1. Chapa mfuko mmoja kwa wino wa skrini unaofaa plastiki ya kufumwa, uuache saa 24.
2. Lowesha kitambaa, sugua maandishi mara 30 kwa nguvu.
3. Zamisha mfuko ndani ya ndoo ya maji usiku kucha.
4. Uanike juani siku tatu.
5. Kama herufi bado zinasomeka kwa hatua kumi, chapa mingine.

Ndani weka mfuko wa plastiki safi wa chakula, ili wino na mchele visikutane kamwe. Acha dirisha dogo la kuonea punje. Mnunuzi wa kwetu hanunui asichokiona. Saizi mbili zinatosha kuanzia: kilo 1 kwa mwenye fedha ya leo, na kilo 5 kwa mwenye mshahara.

Sasa turudi kwa adui wa jina. Mfuko mzuri ukiisha mchele, mtu atauokota na kuujaza mchele wa mawe. Uzuie hivi: shona mdomo kwa uzi wa rangi usiopatikana madukani kwenu, chora mstari wa kukata unaopita katikati ya nembo, ili kuufungua ni kuuharibu, piga namba kwa mkono kwenye kila mfuko, na nunua mifuko mitupu kutoka kwa wateja kwa kuwapunguzia kidogo kwenye mfuko unaofuata. Hili la mwisho ndilo lililofanya kazi zaidi.

> LAZIMA VIWE KWENYE LEBO (Kiswahili na Kifaransa)
> ☐ Jina la chapa na neno "mchele / riz"
> ☐ Uzito halisi, bila mfuko
> ☐ Mahali mpunga ulipolimwa
> ☐ Jina la mfungashaji, mji na namba ya simu
> ☐ Tarehe ya kufungasha na namba ya mzigo
> ☐ Daraja: punje nzima, au chenga

> NA BANGI JE?
> Vijana kadhaa wameniuliza, kwa sababu wamesoma habari za watu walioacha kazi za kampuni kubwa kule Kanada na Marekani wakajenga chapa za bangi zenye vifungashio vya kifahari. Kanada iliruhusu kwa sheria iliyoanza tarehe 17 Oktoba 2018, lakini sheria hiyohiyo inalazimisha pakiti isiyo na mapambo, yenye onyo kubwa la afya. Rwanda ilikubali mwaka 2020 kilimo cha bangi ya dawa kwa ajili ya kuuza nje tu, kwa leseni na ulinzi mkali. Kwetu Kongo bangi ni marufuku: kuilima, kuiuza na kuisafirisha ni jela. Wala usishike mzigo wa mtu kwenye pikipiki bila kujua uliomo. Ukitaka kuiga kitu kutoka kwao, iga nidhamu ya kupima, kuandika namba ya mzigo na kufunga vizuri.

HESABU YA MFUKO MMOJA

Namba hizi ni za kufundishia. Weka za soko lako. Tuseme umenunua mpunga wa kilo 100 kwa franka 100,000.

- Kuanika na kukoboa: 15,000
- Mama wa ungo: 10,000
- Mifuko 10 iliyochapwa, ya nje na ya ndani: 15,000
- Usafiri: 20,000
- Ushuru wa njiani na hasara: 10,000

Jumla ni 170,000. Umepata kilo 50 za punje nzima na kilo 8 za chenga. Chenga zikiuzwa 1,500 kwa kilo, zinarudisha 12,000. Inabaki 158,000. Gawa kwa kilo 50: kila kilo imekugharimu 3,160, na mfuko wa kilo 5 umekugharimu 15,800. Bado hujajilipa. Wengi waliotoka kazini husahau mstari huo. Andika posho yako ya siku kama unavyoandika ya mama wa ungo, kisha ndipo upange bei.

Kama bei hiyo inapita sana mchele wa kawaida, usipunguze ubora. Punguza usafiri kwa kungoja mzigo ujae, au anza na saizi ya kilo 1.

Weka masanduku matatu au akaunti tatu za simu, M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kila moja na kazi yake: mtaji, nyumba, na dharura. Fedha ya likelemba, mchango wa zamu, isiingie kwenye mtaji. Siku yako ya kupokea ikichelewa, mpunga hautakungoja.

KARATASI

Kwa ufupi, kwa mpangilio huu:

1. Anza na patente ya mfanyabiashara mdogo kwenye teritwari yako.
2. Wanunuzi wakiongezeka, jisajili RCCM, daftari la biashara, kupitia Guichet Unique, upate namba ya kitaifa na namba ya kodi. Duka kubwa, hoteli au shirika halitakulipa bila hizo.
3. Uliza OCC, ofisi ya ukaguzi wa bidhaa, kuhusu kupima ubora kabla ya kuvuka jimbo.
4. Sajili jina na nembo. Kongo si mwanachama wa OAPI, shirika la Kiafrika la miliki bunifu, kwa hiyo cheti cha huko hakikulindi hapa. Alama husajiliwa Wizara ya Viwanda, Kinshasa, chini ya sheria namba 82-001 ya tarehe 7 Januari 1982. Anayetangulia kusajili ndiye mwenye haki, basi usichapishe mifuko elfu moja kabla ya kuweka ombi.

Hifadhi kila risiti, hata ya kivuko. Njiani utadaiwa malipo mengi. Omba karatasi kwa upole kila mara, andika mahali na siku. Baada ya miezi mitatu daftari hilo litakuonyesha njia ipi inakula faida.

NJIA

Kiangazi, Juni hadi Agosti, ndicho kipindi chako cha kusogeza mizigo mikubwa. Masika ukiwa na mzigo barabarani, tope ndilo linalopanga ratiba. Toka Kasongo, soko la kwanza ni Kasongo yenyewe, kisha Kindu. Toka Kabambare, tazama Salamabila penye wachimba dhahabu, wanaokula kila siku na kulipa taslimu, na upande wa mashariki njia ya Lulimba hadi Baraka kwenye Ziwa Tanganyika. Uliza habari za usalama asubuhi ya safari, si jana yake, na uwaulize wasukuma baiskeli waliofika usiku. Usitume mzigo wote kwa chombo kimoja.

MAKOSA NINAYOYAONA MARA KWA MARA

Kuagiza mifuko 2,000 kwa sababu bei ya moja moja inashuka. Ukigundua kosa la herufi au ukibadili namba ya simu, umekwama nayo. Chapa 200.

Kumkopesha muuzaji wa kwanza aliyekusifu. Toa mifuko mitano, alipe, ndipo umpe kumi.

Kuvaa ubosi. Mkulima aliyezoea kukuona ukishuka kwenye gari la shirika atakungoja uje na posho na kikao. Nenda kwa miguu, kaa kwenye kigoda, kula alichopika, na umlipe siku ileile uliyopima mpunga wake, mbele ya macho yake, kwa mizani ambayo ameiona ikianzia sifuri.

Na ndugu. Watakuja kuomba mfuko mmoja mmoja, na ni haki yao kukujia. Tenga mifuko mitatu kila mwezi kwa jina la familia, uiandike kama gharama, na ikiisha useme imeisha.

WIKI YA KWANZA BILA MSHAHARA

☐ Jumatatu: uwe mashineni kabla ya saa moja asubuhi, uchukue namba ya kwanza
☐ Jumanne: kupeta, na hesabu ya mawe kwenye kitambaa cheupe
☐ Jumatano: kufungasha, kushona, kuandika namba za mifuko
☐ Alhamisi: peleka mifuko kwa wale waliorudi mara tatu, chukua maoni yao kwa maneno yao, uyaandike
☐ Ijumaa: funga hesabu kabla ya adhuhuri, jilipe posho
☐ Jumamosi: kaa sokoni karibu na meza ya anayeuza mchele wako, usiseme kitu, usikilize wanaopita wakilisoma jina
☐ Jumapili: pika mchele wako nyumbani, kutoka mfuko uliokwisha kukaa sokoni wiki nzima, wala si ule uliouchagua